Zeze na Mkoromo Wake: Habari za Ala ya Uta katika Nyanda za Juu Kusini

Kila ala ya muziki ina sauti mbili. Ya kwanza ni ile aliyoikusudia fundi alipokuwa akichonga, akikausha na kukaza. Ya pili ni ile inayozuka yenyewe bila kualikwa, mti na ngozi vinapoanza kuitikia kwa namna ambayo fundi hakuitazamia. Wapigaji hodari wanazijua zote mbili, na sehemu kubwa ya ustadi wao ni kujua ipi ya kuilea na ipi ya kuinyamazisha. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za sauti hiyo ya pili katika ala za nyuzi zinazosuguliwa kwa uta, hasa zeze, kama lijulikanavyo Iringa, Mbeya na kwa jirani zao wa Ugogo. Tutaeleza jinsi inavyotambulikana na jinsi inavyotengenezwa. Tutaeleza pia jambo ambalo kwa maoni yetu halijasemwa vya kutosha mbele ya walimu na wanafunzi: kwamba kwa muda mrefu shule zetu zimechanganya kosa la ala na tabia ya ala, na kwa kuchanganya huko zimeyanyamazisha mazeze yaliyokuwa mazima.

Tuanze na jina. Neno zeze ni la zamani, lakini limebeba ala zaidi ya moja. Pwani, na katika njia ya misafara ya kwenda Unyamwezi, zeze lilikuwa fimbo bapa yenye kibuyu nyuma yake na uzi au nyuzi chache juu yake, na mpigaji aliudonoa uzi kwa kidole. Richard Burton, Mwingereza aliyepita katika njia hiyo mwaka 1857, alilitaja zeze katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, akalifananisha kwa sauti na rababa ya Waarabu. Wagogo nao wana izeze, na hili ni ala nyingine: halidonolewi bali husuguliwa kwa uta. Wapo wataalamu waonao kwamba ala za kusuguliwa ziliingia bara kutoka pwani zikifuata biashara ya misafara, kwa kuwa jamaa zake zimetapakaa katika nchi zote zilizoguswa na njia hizo: endingidi ya Waganda, iliyoenea huko mwanzoni mwa karne ya 20, orutu ya Wajaluo, shiriri ya Waluhya, wandindi ya Wakikuyu. Hatuoni haya yoyote katika asili hiyo. Kiswahili chenyewe kilikwenda bara kwa njia zizo hizo na kwa miguu iyo hiyo, na hakuna leo amwambiaye mtoto wa Mufindi kwamba Kiswahili si chake.

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Iringa hupita Mtera, akauvuka mto Ruaha Mkuu, kisha akapanda kwa Migoli na Nyang'oro hadi nyika ya Ismani, na mwisho hufika mjini Iringa, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika upande huo Wagogo na Wahehe wamechanganyika kwa ndoa na kwa ng'ombe, na ala nazo zimechanganyika. Lakini Wahehe wana ala yao iliyo maarufu zaidi ya nyuzi, nayo ni ligombo: ubao mrefu uliochimbwa mfano wa hori, uzi mmoja ukapitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa juu yake, na kibuyu kikafungwa mwishoni ili kuikuza sauti. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika na mitambo yake ya kunasia sauti mwaka 1950 aliinasa sauti ya ligombo pamoja na ya zeze, na sauti hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Ligombo hudonolewa, halina uta. Tumelitaja kwa sababu fundi wa ligombo na fundi wa zeze wanapambana na mtu mmoja, naye ni kibuyu.

Zeze la uta hutengenezwa hivi. Kibuyu hukatwa, kikakaushwa vizuri na kukwanguliwa ndani, kisha uso wake hufunikwa kwa ngozi iliyolowekwa, ambayo hukaza inapokauka. Fimbo ngumu hupitishwa katika kibuyu ikatokeza upande wa pili. Uzi hufungwa katika ncha hiyo ya chini, ukapandishwa juu ya kidaraja kidogo cha mti kilichosimama juu ya ngozi, ukafika kwenye kijiti cha kukazia huko juu. Zamani uzi ulikuwa wa mshipa wa mnyama au wa nyuzi za mimea; siku hizi ni waya, mara nyingi uliochambuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli. Uta ni kijiti kilichopindwa na kufungwa nyuzi za katani, nazo hupakwa ulimbo ili zishike. Nyuma ya kibuyu huwa na tundu, na mpigaji huliegemeza tumboni au kifuani mwake. Tundu hilo msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Sasa, uta unapopita juu ya uzi kitu gani hutokea? Jicho huona kama uzi unasuguliwa mfululizo, lakini sivyo. Ulimbo huushika uzi na kuuvuta kando. Uzi ukikazika vya kutosha huponyoka na kurudi upesi. Ukisharudi, ulimbo huushika tena. Kushika na kuponyoka huko hutokea mara mia kadhaa kila sekunde. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa darubini katika karne ya 19 na kulieleza kwa hesabu. Sauti huwa safi kama uzi unaponyoka mara moja tu katika kila mzunguko, kwa mpango usiobadilika. Mpango ukivunjika, sauti nayo huvunjika.

Na kinachouvunja mpango huo mara nyingi si mkono wa mpigaji, ni mwili wa ala. Kila kitu chenye uwazi na ngozi kina sauti yake mwenyewe kinayoipenda. Gonga chungu, kitakujibu kwa sauti moja. Gonga kingine, kitajibu kwa nyingine. Kibuyu cha zeze ni hivyo hivyo. Mpigaji akipiga sauti zilizo mbali na ile ya kibuyu, kibuyu hukuza tu kile kinacholetwa na uzi. Lakini akifika kwenye sauti ile ile ambayo kibuyu kinaipenda, mwili mzima huamka na kutetemeka kupita kiasi, ukaunyang'anya uzi nguvu zake. Uzi ulionyang'anywa nguvu huponyoka kabla ya wakati wake, mara mbili badala ya mara moja. Kisha mwili hutulia, uzi hupata nguvu tena, na mnyang'anyano huanza upya. Masikioni mwetu hali hiyo husikika kama kigugumizi, sauti inayopanda na kuzimika, au inayokwaruza na kukataa kutoka.

Mafundi wa Ulaya humwita mgeni huyo mbwa-mwitu, kwa sababu ya mlio wake. (Wangekuwa wenyeji wa Ismani nadhani wangemwita fisi, na wangekuwa wamesema kweli zaidi.) Katika fidla kubwa iitwayo selo hakosekani, karibu kila selo iliyo njema ina mahali pake pa mbwa-mwitu, na wapo wapigaji wasemao kwamba ala isiyo naye haina sauti ya maana. Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi katika siku za mwanzo hakuwa Mzungu. Ni Mhindi, C. V. Raman, aliyekuwa akifanya uchunguzi wake mjini Calcutta baada ya saa za kazi katika ofisi ya hesabu za serikali, na aliyechapisha maelezo yake juu ya sauti hiyo mwaka 1916. Baadaye, mwaka 1930, alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wa mwanga. Wanafunzi wa fizikia wanaofikiri kwamba elimu yao na muziki wa kijijini ni mambo ya nchi mbili yafaa wamkumbuke mtumishi huyo wa serikali na nyuzi zake.

Fundi wa zeze hakusoma Raman, lakini njia yake ya kumtafuta mgeni ni ya uhakika. Tumewaona mafundi wawili, mmoja upande wa Migoli na mwingine karibu na Mbalizi, wakifanya karibu jambo moja bila kujuana. Kwanza fundi huanza na yaliyo mepesi. Huliweka zeze mikononi mwa kijana apige sauti moja tu bila kukoma, naye huanza kugusa kwa ncha ya kidole: kijiti cha kukazia, fundo la uzi, ukingo wa ngozi, kidaraja, ubavu wa kibuyu. Mkwaruzo ukinyamaza anapogusa mahali fulani, mgonjwa amepatikana. Mara nyingi ni ngozi iliyoinuka kidogo ukingoni, au ncha ya waya inayoigusa fimbo, au ufa mwembamba wa kibuyu usioonekana kwa macho. Ufa huzibwa kwa nta ya nyuki, ncha hukatwa, ngozi hulowekwa ukingoni na kufungwa upya. Hayo ni maradhi ya viungo, na hayana siri kubwa.

Ikiwa kugusa hakusaidii, fundi hulichukua zeze mwenyewe. Husogeza kidole polepole juu ya uzi toka juu hadi chini, uta ukienda kwa mwendo mmoja, na hutega sikio mahali sauti inaposita. Akishapaona, hulegeza uzi kidogo, kisha hupita tena. Jambo hili ni la akili sana na twapenda walimu walizingatie. Uzi ukishalegezwa, kila sauti huwa imehama mahali pake. Kama kigugumizi kimebaki chini ya kidole pale pale palipokuwa, basi kosa limo katika uzi au katika fimbo: pengine waya umeliwa na kutu, pengine pana kifundo. Lakini kama kigugumizi kimehama pamoja na sauti, kikaifuata sauti ile ile mahali pake papya, basi uzi hauna hatia, ni kibuyu. Fundi wa Migoli humalizia kwa kuligonga zeze kwa kidole na kuimba kwa kinywa sauti aliyoisikia. Ikilingana na ile ya kigugumizi huguna, na kazi ya kurekebisha huanza.

Kurekebisha kwenyewe kuna njia nyingi, na zote zafuata hekima moja: huwezi kumwua mbwa-mwitu, waweza kumhamisha au kumchosha. Ukikisogeza kidaraja kutoka katikati ya ngozi kuelekea ukingoni, ngozi huitikia kwa ukali mdogo zaidi. Sauti nzima hupungua kidogo, lakini kigugumizi hupungua zaidi. Ukibandika tonge dogo la nta juu ya ngozi, uzito huo hushusha sauti inayopendwa na ngozi, na kwa bahati njema hushuka mpaka katikati ya sauti mbili zinazotumika katika nyimbo, mahali ambapo kidole hakipiti. Wapiga ngoma wa kusini mwa nchi na wa Malawi hutumia tonge kama hilo kuoanisha ngoma zao, kwa hiyo si ajabu kulikuta kwenye zeze. Waweza pia kubadili unene wa waya, maana waya mwembamba hauwezi kuuamsha mwili kama ule mnene. Wazungu nao hufunga kibomba kidogo cha shaba kwenye uzi wa selo nyuma ya kidaraja, na mpigaji akibanwa huikaza ala kwa magoti. Wazo ni lile lile.

Lakini njia iliyo nzuri kuliko zote ni ile ya tundu la nyuma, nayo haihitaji hata nta. Kibuyu chenye tundu huwa na sauti ya hewa iliyomo ndani yake, na sauti hiyo hupanda tundu likiwa wazi na kushuka likizibwa nusu. Mpigaji anapoliegemeza zeze tumboni, yeye mwenyewe ndiye mfuniko. Akiinua kibuyu kidogo sauti hufunguka, akikirudisha hufumba, na akikaribia sauti yenye kigugumizi hukibana, kikaacha kuitikia. Mtazamaji hudhani anacheza. Kweli anacheza, lakini vilevile anafanya kazi ambayo kwa fidla hufanywa na fundi kwa zana za chuma.

Hapa hatuna budi kusema juu ya hali ya hewa, kwa sababu nyanda zetu hulitesa zeze kuliko Ugogo. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000. Ngozi hunyonya unyevu na kulegea. Zeze lililotengenezwa Mpwapwa likapelekwa Tukuyu wakati wa ukungu hushuka sauti yake ya kibuyu, na mbwa-mwitu aliyekuwa amefichwa mahali pasipopigwa huibuka katikati ya wimbo. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, Iringa na Mbeya huwa na baridi kavu: mchana jua huikaza ngozi, sauti ikapanda, usiku ulimbo wa uta hugeuka mgumu kama jiwe na kuteleza juu ya uzi. Wapiga ngoma huota ngoma zao motoni kabla ya kucheza na hakuna awashangaaye. Mpiga zeze naye hupasha ngozi, hupasha ulimbo, kisha hutafuta upya mahali pa kigugumizi, kwani palipokuwa pabaya jana huenda leo pakawa pazuri. Mwanafunzi aliyetoa zeze darasani saa mbili asubuhi mwezi wa Julai na kulipiga papo hapo hakutendewa haki na mwalimu wake.

Hayo yote ni ya kigugumizi, yaani sauti isiyotakiwa. Kuna sauti nyingine inayofanana nayo masikioni mwa mgeni, nayo inatakiwa. Huo ni mkoromo.

Tazama ilimba ya Wagogo. Ni sanduku la mti lenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, na fundi baada ya kuikamilisha huitoboa matundu na kuyafunika kwa utando mweupe wa kiota cha buibui. Kila chuma kinapolia, utando huvuma. Wapo pia wanaovisha vyuma vipete vidogo vya bati ili viwambe. Hakuna anayeyafanya hayo kwa bahati mbaya; utando ukipasuka, fundi hutafuta mwingine kabla ya kupiga tena. Katika zeze nako hufungwa vitu vidogo vya kuwamba, au waya huachwa uguse mahali fulani kwa wepesi. Sauti iliyo tupu huonekana haina nguo. Jambo hili si la Wagogo peke yao, limeenea Afrika nzima, na hata India ala iitwayo sarangi huwekewa nyuzi nyingi zisizoguswa na uta, kazi yake ni kuitikia tu.

Basi fundi hutofautishaje mkoromo na kigugumizi? Tulimwuliza mzee wa Migoli. Jibu lake lilikuwa fupi: mkoromo huwafuata wote, kigugumizi humshika mmoja. Maana yake ni kwamba mkoromo ulio mwema huambatana na kila sauti ya ala kwa kadiri yake, ukaipa uzito na kuifikisha mbali uwanjani. Kigugumizi huchagua sauti moja na kuimeza, ikawa katika wimbo kama jino lililong'oka. Hatujasikia kipimo kilicho bora kuliko hicho, wala hatujakiona katika mtaala wowote.

Shule zilikuwa na kipimo kingine. Wamisionari walipoingia nyanda hizi, Wamoravian wakaanza Rungwe mwaka 1891 na Wakatoliki wakafika Tosamaganga miaka michache baadaye, muziki wao ulikuwa wa kwaya, wa kinanda na wa tarumbeta. Ulikuwa muziki mzuri, na mpaka leo tarumbeta za Rungwe hutusisimua. Lakini sikio lililofundishwa na kinanda husikia kila mvumo wa kando kuwa ni uchafu, kama mchele uliochanganyika na mawe. Sikio hilo ndilo lililorithiwa na chuo cha ualimu, na kutoka chuoni likaenda darasani. Hata Tracey, aliyewatumikia wanamuziki wa Afrika kwa kunasa sauti zao, alipoanza katika miaka ya 1950 kutengeneza kalimba za kuuzwa nchi za nje, ala iliyotoka kiwandani mwake ilikuwa imevuliwa mkoromo na kuoanishwa kwa ngazi ya sauti za Kizungu. Wanunuzi wake hawangeweza kuvumilia vinginevyo. Mamilioni ya watu duniani leo wanaijua kalimba iliyo kimya kuliko mama yake.

Na suala la ngazi ya sauti si dogo. Wagogo huchukua sauti zao katika zile ambazo uzi wenyewe huzizaa unapogawanyika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya ile iliyo karibu nayo katika kinanda, kwa karibu theluthi moja ya hatua ndogo kabisa ya kinanda. Kwa Mgogo ndiyo sauti tamu yenye kuumiza moyo. Kwa mwalimu aliyezoea kinanda ni sauti iliyolegea. Akiipandisha ili ilingane na kinanda, huivunja kazi nzima ya fundi, kwa sababu fundi alikwisha kuchagua kibuyu, ngozi na tonge la nta ili mbwa-mwitu akae mbali na sauti hizo hasa. Sauti zikihamishwa, kigugumizi hutokea pasipokuwapo. Kisha mwalimu husema: ala zetu zina kasoro.

Tulishuhudia shindano moja la shule za sekondari katika nyanda hizi, ambako waamuzi walikipunguzia kikundi alama kwa maelezo kwamba zeze lilikuwa na kelele. Tulilisikiliza zeze lile kwa makini. Lilikoroma kwa kila sauti, sawasawa, toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kikundi cha pili kilikuwa na gitaa lililokuwa na sauti moja iliyokufa kabisa, haikulia hata mara moja, na hakuna mwamuzi aliyeligundua hilo. Mwaka uliofuata kikundi cha kwanza kilirudi bila zeze.

Yafaa kukumbusha kwamba sera ya taifa haikukusudia hivyo hata kidogo. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, siku ya pili ya Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba ubaya mkubwa wa ukoloni ulikuwa kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu. Kutokana na moyo huo Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, aliitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 aje apige na kufundisha. Baadaye alikuwa miongoni mwa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zawose aliongeza nyuzi za zeze lake zikapita mbali zile moja au mbili za jadi. Fundi yeyote angemwonya: nyuzi zikizidi, kila moja huitikia nyingine, na zeze likawa kama baraza ambamo wote husema pamoja. Yeye aliuoanisha umati huo kwa ngazi ile ya asili, hata nyuzi zisizoguswa zikaitikia kwa upatano, na mwitikio ambao ungalikuwa fujo ukawa kiitikio cha wimbo. Sahani yake ya Chibite, iliyotolewa Uingereza mwaka 1996 na kampuni ya Real World, imehifadhi sauti hiyo pamoja na mkoromo wake wote. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Twawasihi walimu waisikilize darasani sahani hiyo kabla ya kuwafundisha wanafunzi neno lolote juu ya usafi wa sauti.

Siku hizi vibuyu vikubwa vyenye ganda nene havipatikani kwa urahisi katika nyanda hizi. Wakulima wachache hupanda mbegu yake, na ndoo za plastiki zimekiondolea kibuyu kazi yake ya nyumbani. Vijana hutengeneza mazeze ya kopo. Wazee huyacheka, lakini sisi hatuyacheki, maana kopo ni somo jema. Bati halinyonyi unyevu, kwa hiyo zeze la kopo halibadiliki sana kati ya Ismani na Tukuyu. Kwa upande mwingine bati hupenda sauti moja kwa wivu mkubwa, likaipigia kelele kama kengele. Mbwa-mwitu wa kopo ni mkali kuliko wa kibuyu mara nyingi. Huko Mbalizi tulimkuta kijana aliyekwisha kulijua dawa yake. Alikuwa amesokota kitambaa cha khanga kuukuu, akakitia ndani ya kopo kupitia tundu la nyuma na kukisukuma kwa kijiti hadi kikagusa ukuta wa bati, akapiga, akakivuta nje kidogo, akapiga tena. Alipofika mahali alipopataka alikata kitambaa kilichozidi kwa wembe. Juu ya ngozi, kando ya kidaraja, alikuwa amefunga kwa uzi vifuniko viwili vya soda vilivyopondwa bapa, navyo vikawamba kwa kila sauti aliyoipiga.